Kabla ya Kununua Sanduku la Ozu

Desemba 2009, kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa sanduku zito la DVD lililoitwa AK 100. Ndani yake mlikuwa na filamu 25 za Akira Kurosawa, kwa heshima ya miaka 100 ya kuzaliwa kwake iliyokuwa itimie mwaka uliofuata. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 399, yaani kama dola 16 kwa kila filamu. Miongoni mwake zilikuwemo nne za mwanzo kabisa, ikiwemo Sanshiro Sugata ya 1943 aliyoanzia kazi ya uongozaji, ambazo Criterion ilikuwa haijawahi kuzitoa kwa DVD. Shabiki aliyezitaka nne hizo ilimbidi abebe zote 25, hata kama Seven Samurai tayari alikuwa nayo kabatini. Haukupita mwaka, Criterion ikazitoa nne zilezile peke yake katika kisanduku chembamba cha bei nafuu, chini ya nembo yake ya Eclipse. Waliovumilia walikula mbivu.

Sanduku hilo lina somo jingine. Kurosawa aliongoza filamu 30, kwa hiyo tano hazimo, na mojawapo ni Ran ya 1985, ambayo wengi huihesabu kati ya kazi zake kubwa. Hazikuachwa kwa sababu ya ubora. Dersu Uzala ilitengenezwa na Mosfilm ya Urusi ya Kisovieti, Dreams ilikuwa mikononi mwa Warner Bros., na Ran ilitengenezwa kwa fedha za Ufaransa na Japani. Sanduku la filamu za mwongozaji, hata liwe na picha yake nzuri kiasi gani juu ya jalada, huonyesha kampuni fulani ilikuwa na haki ya kuuza nini, katika nchi gani, mwaka gani. Mnunuzi anayelijua hilo haulizi tena "Lipi ni sanduku bora?" Anauliza ni filamu zipi anazotaka na nani amezishika.

Swali hilo lina uzito zaidi kwa Yasujiro Ozu kuliko kwa mwongozaji mwingine yeyote wa Japani wa kizazi chake.

Ozu alizaliwa Tokyo tarehe 12 Desemba 1903, akafariki tarehe hiyohiyo mwaka 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Aliongoza filamu 54, karibu zote kwa kampuni ya Shochiku. Hadithi zake ni za nyumbani. Kuna binti aliyefikia umri wa kuolewa lakini hataki kumwacha baba yake mjane. Kuna wazee wanaosafiri kutoka Onomichi hadi Tokyo kuwaona watoto wao, wakakuta watoto hawana nafasi nao, na anayewakirimu ni mkwe wao, mjane wa mtoto aliyefia vitani. Hiyo ya wazee ndiyo Tokyo Story ya 1953. Mwaka 2012 jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipowauliza waongozaji filamu wa dunia ni ipi bora kuliko zote, hiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Msomaji aliyewahi kupokea wazazi kutoka kijijini, akawapeleka kulala kwa ndugu mwingine kwa kisingizio cha kazi, hahitaji kufafanuliwa kitu.

Basi mnunuzi akiona tangazo la "Ozu kamili", na aliweke kando. Hakuna Ozu kamili. Takribani theluthi moja ya filamu zake imepotea kabisa. Filamu za miaka ya 1920 na 1930 zilirekodiwa kwenye mkanda wa nitrati unaoshika moto kwa urahisi na kuoza hata usipoungua. Zilipokuja filamu za sauti, nakala nyingi za zile zisizo na sauti hazikuonekana kuwa na faida ya kutunzwa, kisha vita navyo vikafanya yake. Filamu yake ya kwanza, Zange no yaiba ya 1927, ambayo ndiyo pekee aliyowahi kuiweka katika zama za samurai, haipo tena. I Graduated, But… ya 1929 imebaki kipande cha kama dakika kumi. A Mother Should Be Loved ya 1934 imepoteza mzunguko wa kwanza na wa mwisho, kwa hiyo mtazamaji huingia katikati na kutolewa kabla ya mwisho. Muuzaji anayedai ana zote, ama hajui anachokiuza, ama anajua sana.

Hata katika zile zilizobaki, mipaka ya haki inakata katikati. Mara tatu baada ya vita Ozu aliazimwa na kampuni nyingine: The Munekata Sisters ya 1950 aliifanyia Shintoho, Floating Weeds ya 1959 aliifanyia Daiei, na The End of Summer ya 1961 aliifanyia Toho. Seti za Shochiku yenyewe kwa kawaida huishia kwenye filamu za Shochiku, kwa hiyo anayenunua sanduku la Kijapani akidhani amemaliza, mara nyingi amezikosa tatu hizo. Floating Weeds ni hasara kubwa ikikosekana. Ilipigwa picha na Kazuo Miyagawa, aliyepiga pia Rashomon, na mvua ya filamu ile, mwanamume na mwanamke wakitukanana kila mmoja upande wake wa barabara, ni ya kurudia kutazama. Kuhusu The Munekata Sisters, kwa miaka mingi ilikuwa ngumu kupatikana katika hali nzuri, hadi nakala yake iliyokarabatiwa ilipoonyeshwa Cannes mwaka 2023.

Kabla ya kutoa senti, basi, mkusanyaji aandike orodha. Karatasi moja inatosha: jina la filamu, mwaka, kampuni iliyoitengeneza, na kama anayo. Mwaka usisahaulike, kwa sababu majina ya Kiingereza ya filamu hizi ni mtego. Kuna Late Spring ya 1949, Early Summer ya 1951, Early Spring ya 1956, Late Autumn ya 1960 na An Autumn Afternoon ya 1962. Usiku wa manane, mnada wa mtandaoni ukikaribia kufungwa, ni rahisi kulipia Early Spring huku moyo ukiwa kwenye Late Spring. Waigizaji pia hawasaidii: Chishu Ryu yumo karibu kila mahali, na Setsuko Hara anaitwa Noriko katika filamu tatu tofauti.

Orodha hiyo inaokoa fedha kwa njia nyingine: inazuia kununua kitu kimoja mara tatu. Mfano mzuri ni I Was Born, But… ya 1932, hadithi ya watoto wawili wanaogundua kwamba baba yao, waliyemdhani mtu mkubwa, hujigeuza kichekesho mbele ya bosi wake. Filamu hii imo katika seti ya Eclipse ya 2008 iitwayo Silent Ozu: Three Family Comedies, pamoja na Tokyo Chorus na Passing Fancy. Imo tena kama nyongeza kwenye Blu-ray ya Good Morning ambayo Criterion ilitoa mwaka 2017. Imo pia upande wa Uingereza, ambako Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, iliifunga na Good Morning hiyohiyo katika mfululizo wake wa Ozu ulioanza 2010. Mfululizo huo wa BFI ni wa jozi: Tokyo Story imekwenda na Brothers and Sisters of the Toda Family ya 1941, Late Spring na The Only Son ya 1936. Ni ukarimu, lakini filamu ya pili haitangazwi kwa herufi kubwa, na asiyesoma nyuma ya jalada huenda akainunua tena kando.

Jambo linalowakera zaidi wanunuzi wa Afrika Mashariki ni namba za maeneo. Kwa DVD, Marekani ni eneo la 1, Japani na Ulaya ni eneo la 2, na nchi zetu, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Rwanda, Burundi na Kongo, zimewekwa eneo la 5. Msomaji aliyeko Oman au Dubai yuko eneo la 2. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi kidogo: Afrika yote, Ulaya na Mashariki ya Kati ni eneo B, wakati Marekani na Japani ni A. Maana yake, mtu wa Mombasa au Dar es Salaam aliyenunua deki halali ya Blu-ray mjini anaweza kucheza Blu-ray za BFI bila tatizo, lakini nyingi za Criterion za Marekani zitamwandikia kwamba haziruhusiwi. Deki za bei nafuu za DVD zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue mara nyingi hukubali maeneo yote, hivyo kwa DVD shida ni ndogo. Kwa Blu-ray usibahatishe. PlayStation nayo imefungwa. Diski za 4K hazina eneo kabisa. Na anayetegemea kompyuta akumbuke kwamba kisomea diski kinaruhusu kubadilisha eneo la DVD mara tano tu. Ya tano ndiyo ya kudumu.

DVD za Uingereza za zamani zina tabia nyingine inayowasumbua wenye masikio makali. Mfumo wa PAL huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu hukimbia kidogo na sauti hupanda. Tokyo Story yenye dakika 136 huishia kama dakika 130. Kwa filamu ya mapigano pengine hakuna anayejali. Kwa Ozu, ambaye humwacha mtazamaji akiangalia korido tupu baada ya watu kuondoka, dakika hizo ni sehemu ya kazi. Blu-ray haina tatizo hilo.

Kisha kuna rangi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Ozu aliingia kwenye rangi kwa kuchelewa. Equinox Flower ya 1958 ndiyo ya kwanza, na kuanzia hapo hadi An Autumn Afternoon alitengeneza sita. Alichagua mkanda wa Agfa wa Ujerumani kwa sababu alipenda wekundu wake. Ndani ya Equinox Flower kuna birika jekundu lililowekwa sakafuni kwenye nyumba ya familia. Halina kazi kubwa. Husogea kutoka picha moja hadi nyingine, wakati mwingine bila mtu yeyote kulishika, kwa sababu Ozu alilipanga kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya mantiki ya nyumba. Mnunuzi anayetaka kupima ubora wa diski ya Ozu asimamishe picha hapo. Kwenye diski nzuri, birika linang'aa kwa wekundu mzito huku mkeka, ukuta na kimono za watu vikibaki katika rangi zao za udongo na majivu. Kwenye diski mbaya, wekundu umegeuka rangi ya tofali, na chumba kizima kimeingia uwaridi hafifu, pamoja na nyuso za watu. Akishaiona tofauti hiyo mara moja, hatahitaji maelezo ya muuzaji tena.

Mwaka wa kukumbuka ni 2013, Ozu alipotimiza miaka 110 tangu azaliwe. Shochiku ilifanya ukarabati mpya wa kidijitali, na nakala zake zikazinduliwa kwenye matamasha makubwa: Tokyo Story Berlin, An Autumn Afternoon Cannes, Equinox Flower Venice. Diski ya rangi iliyotoka kabla ya hapo imetokana na nakala ya zamani, hata kama jalada lake ni zuri na bei yake imepanda. Hili linaigusa moja kwa moja seti ya Eclipse ya 2007 iitwayo Late Ozu, ambayo wauzaji wa mitumba hupenda kuiita adimu. Ina filamu tano, na tatu kati yake ni za rangi. Ni seti inayostahili heshima, hasa kwa ajili ya Tokyo Twilight ya 1957, filamu yake yenye giza kuliko zote za baada ya vita, na kwa The End of Summer ambayo ni ya Toho. Lakini kuilipia bei ya kitu cha makumbusho kwa sababu ya Equinox Flower ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ni vizuri pia kujua kwamba nembo ya Eclipse tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa rahisi: hakuna mahojiano, hakuna maelezo ya wasomi juu ya picha, kuna karatasi fupi tu ya utangulizi. Anayetaka nyongeza atazame matoleo ya Criterion ya filamu mojamoja. Late Spring yao inakuja na Tokyo-Ga ya 1985, ambamo Wim Wenders anakwenda Tokyo kutafuta mji wa Ozu na kukuta umebadilika. Tokyo Story ina I Lived, But… ya 1983, filamu ya kumbukumbu ya saa mbili kuhusu maisha yake. Mara nyingi nyongeza za aina hiyo ndizo zinazoipa diski moja thamani kuliko sanduku la tano.

Seti za filamu zisizo na sauti ndizo ambazo wanunuzi wapya huziruka, na huko ni kukosea. Ozu alishinda nafasi ya kwanza ya jarida la Kinema Junpo la Japani miaka mitatu mfululizo, 1932, 1933 na 1934, na zote tatu zilikuwa filamu zisizo na sauti. Three Family Comedies inazo mbili kati ya hizo tatu ndani ya kisanduku kimoja, na kwa fedha inayolipiwa, hakuna seti ya Ozu inayoishinda. Kwa mwenye kupenda upande mwingine kabisa wa Ozu, kuna filamu zake za wahuni na bastola: Walk Cheerfully, That Night's Wife na Dragnet Girl, ambazo BFI ilizikusanya mwaka 2013 na Eclipse mwaka 2015. Ni zilezile tatu. Moja ya seti hizo inatosha.

Kabla ya kununua, mnunuzi aangalie kama diski ina muziki. Seti ya vichekesho ya Eclipse ina muziki wa Donald Sosin unaoweza kuzimwa. Kutazama katika ukimya mtupu si uaminifu kwa historia kama wengine wanavyodai, kwani kwenye majumba ya sinema ya Japani alikaa benshi kando ya skrini, akisimulia na kuigiza sauti za wote. Mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video akiwasikiliza wasimulizi wa filamu kama Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya anaielewa kazi ya benshi haraka kuliko mwanafunzi wa filamu wa Paris.

Kuhusu tafsiri, sanduku zuri kutoka Japani laweza kuwa halina hata neno moja la Kiingereza. Seti nne za DVD ambazo Shochiku ilizitoa mwaka 2003, kwa miaka 100 ya Ozu, zilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani. Maduka ya vitabu ya Japani huuza pia seti za bei ya kutupa zenye filamu za zamani ambazo ulinzi wake wa haki umekwisha huko. Ni nzuri kwa anayejifunza Kijapani. Kwa wengine ni pambo. Anayeagiza asome sehemu ya lugha ya maandishi ya chini kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Kwa anayeanza kutoka sifuri, ushauri wa makala haya ni huu: asinunue sanduku lolote kwanza. Anunue Late Spring na Tokyo Story, mojamoja, katika toleo la baada ya ukarabati linalokubaliwa na deki yake. Akizipenda, aongeze Good Morning, ambamo watoto wawili wanagoma kuzungumza hadi wanunuliwe televisheni, na utani wa kujamba umetawala kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo humwondolea mtu dhana kwamba Ozu ni huzuni na chai. Baada ya hapo ndipo vichekesho visivyo na sauti, kisha Floating Weeds, kisha masanduku ya kujaza mapengo kwenye ile karatasi. Asiyevutiwa na Tokyo Story atakuwa amepoteza bei ya diski moja, na jirani yake atafurahi kuipokea.

Wakati wa kununua una maana yake. Duka la Barnes & Noble la Marekani kwa kawaida hupunguza bei ya diski za Criterion kwa nusu mara mbili kwa mwaka, Julai na Novemba. Asiye na haraka halipi bei kamili. Kwa sanduku zito, usafiri na ushuru wa forodha huongeza gharama. Ndugu anayerudi likizo kutoka London akiwa na nafasi kwenye sanduku lake la nguo ni msaada mkubwa, mradi aambiwe mapema na aandikiwe jina na mwaka.

Seti iliyotumika ikaguliwe siku ileile inapofika. Diski ishikwe mbele ya taa: vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga, au ukungu wa rangi ya shaba unaoanzia ukingoni, ni dalili kwamba tabaka la ndani limeanza kuharibika, na hilo halisafishiki. Mikwaruzo ya kawaida si tatizo kubwa. Kila diski ichezwe hadi mwisho, si dakika tano za mwanzo, kwa sababu DVD yenye tabaka mbili hupenda kukwama katikati, pale inapobadili tabaka. Kijitabu kihesabiwe kurasa.

Halafu kuna kadibodi. Mjini Tanga, Mombasa au Unguja, diski itaishi. Ganda lake ndilo litakalokufa, kwa ukungu au kwa mchwa. Masanduku yasiegemezwe ukutani wala kuwekwa rafu ya chini kabisa, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya visitupwe. Viwili kwa kila sanduku vinatosha, navyo hubadilishwa masika yanapokaribia.